Umeuliza Habari ya Kungumanga

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Barua yako ilishuka bandari ya Neira na meli ya Pelni, shirika la meli la Indonesia, ikakaa kwa mjomba wako mpaka bahari ilipotulia, ndiyo maana jibu limechelewa. Umeniuliza: wewe na mkeo mkiacha kazi zenu mjini Ambon mkarudi huku kisiwani Run na mtoto, ile miti ya kungumanga ya marehemu baba yako inaweza kulisha nyumba?

Miti haijambo. Naanza na hilo usije ukasema nimelikwepa. Ile ya juu, chini ya mikenari, ile miti mikubwa ya kivuli, inazaa kama kawaida yake. Ile michanga aliyoipanda baba yako kabla hajaanza kuugua sasa imechanua, na kungumanga unaijua mwenyewe: unalea mche miaka sita, saba, pengine tisa, ndipo ua likuambie kama ulikuwa unalea jike au dume. Mingi imetoka madume. Madume machache yanahitajika shambani, lakini si yote hayo. Baba yako angecheka. Mimi sikucheka.

Ila mti kulisha nyumba si jambo la mti. Nimelisema tangu unakwenda shule miguu mitupu na nitalisema tena: bei ya kungumanga anaipanga mwenye chombo. Si mwenye shamba. Mwenye chombo.

Unaukumbuka mwaka uliofaulu kwenda kusoma Neira? Unakumbuka kwamba ada ilipatikana. Ilivyopatikana hatukukusimulia, baba yako hakupenda. Sasa hayupo, nitasimulia.

Mavuno yalikuwa mazuri. Nilikataa kata kata kungumanga zetu zisianikwe chini kama walivyofanya wengine, maana chini ndiko kuvu huingilia, na kule Ulaya hupima sumu ya kuvu, mzigo ukizidi kiwango hauingii. Baba yako akanitengenezea uchaga wa mianzi, tukazifukiza kwa moshi wa taratibu, wiki baada ya wiki, mpaka ukiitikisa kokwa unaisikia inagonga ndani ya ganda lake. Basibasi, ule utando mwekundu unaofunika kokwa, nilianika mwenyewe juani, nikiigeuza, nikiikimbiza ndani kila wingu likipita, hata wekundu ukageuka rangi ya kaharabu. Sijapata kuona mzigo safi kama ule, na nimezaliwa kisiwani humu.

Tukapanda mashua ya watu, maana dau letu halikuwa na mashine. Neira tukafika kwa mnunuzi. Akachota konzi moja kutoka juu ya gunia, akazigonga kwa nyundo, akapata moja iliyosinyaa na moja yenye tundu la mdudu. Akazinusa. Akasema gunia zima ni la daraja la mafuta. (Kungumanga iliyoliwa na wadudu hukamuliwa mafuta, na mafuta yake si haba, kwa sababu mdudu hula wanga akayaacha. Hapotezi kitu yule bwana.) Hakutia mkono chini ya gunia. Gunia la pili hakulifungua kabisa. Akasema, "Kama hamridhiki mwaweza kurudi nazo," na macho yake yako baharini.

Alikuwa anaiangalia mashua iliyotuleta. Nahodha ameshaanza kutuita, upepo wa magharibi unaamka, anataka awe amepita kisiwa cha Ai kabla ya alasiri kuisha. Tulale wapi na magunia? Turudi nazo kwa nauli ipi? Baba yako akaweka kidole gumba kwenye karatasi.

Tunateremka bandarini, nikageuka nyuma. Kijana wa ghala alikuwa anamimina kungumanga zangu juu ya lile fungu la daraja la kwanza, la kwenda Surabaya. Fungu lilelile! Nikasimama. Baba yako akanishika mkono wa kanzu akaniambia, "Mama, twende, mtoto ada imepatikana." Njia nzima hakusema neno lingine. Mpaka leo nikisikia nyundo inagonga kokwa, naona ule uso wa yule bwana ukiangalia bahari.

Najua utakachonijibu. Utasema mjomba wako ana mashua na mashine yake, na bado hajatajirika. Kweli. Huvua jodari kwa mshipi, jodari wazuri kabisa, lakini barafu hukopa, mafuta hukopa, na aliyemkopesha barafu ndiye humpimia samaki. Kwa hiyo chombo peke yake hakitoshi, nakubali. Nikilala usiku huwa nabishana na nafsi yangu kwa jambo hilo hilo. Lakini mwaka jana nilimwona akikataa bei ya basibasi mbele ya mnunuzi, akabeba gunia lake begani akaenda kwa mwingine, na kwa huyo mwingine nako akakataa, akarudi nalo nyumbani. Akauza msimu uliofuata. Baba yako hakupata hata mara moja kurudi na gunia.

Wageni bado wanakuja, si wengi. Wanataka kuonyeshwa ngome iliyobomoka na kile kisiwa kidogo cha Nailaka, wakiwahi maji kupwa wanavuka kwa miguu. Wote wanauliza lilelile: unajua kwamba kisiwa hiki kilibadilishanwa na Manhattan, kile kisiwa cha New York? Najua. Mwaka 1667, kule Breda, Mwingereza akaachia madai yake juu ya Run, Mholanzi akaachia yake juu ya New York. Mmoja akaniuliza eti ninajuta. Kana kwamba niliitwa kwenye kikao! Hakuna mtu wa Banda, visiwa vyetu hivi, aliyeulizwa. Wa Banda wengi walikuwa wameshauawa na Coen, mkuu wa Waholanzi, mwaka 1621, au wameuzwa utumwani, au wamekimbilia visiwa vya Kei. Na hapa Run Mholanzi aliikata mikungumanga yote ili Mwingereza asipate hata kokwa. Walikuja na merikebu, wakapanga. Sisi tuliletwa baadaye na bahari ileile, babu zangu kutoka Buton.

Nisikufiche mazuri. Kuna miaka bei hupanda. Kimbunga Ivan kilipoiangusha mikungumanga ya Grenada, kule Karibi, mwaka 2004, bei ya dunia ilikuja ikapanda, na huu ukuta wa saruji unaouegemea ukija likizo umetokana na miaka hiyo. Niliomba dua ya shukrani, kisha nikaona haya, maana kuna mama huko Grenada alikuwa anaokota matawi. Sijui Mungu anaipokeaje dua ya namna hiyo. Basi ndiyo nyumba inavyolishwa na kungumanga: mwaka huu inashiba, ujao inangoja habari za mbali.

Mengine unayajua. Maji ni ya mvua, birika likikauka tunahesabu vikombe, na mkeo amezoea bomba. Mtoto akipata homa Januari, daktari yuko ng'ambo ya mawimbi ambayo baadhi ya siku hayavukiki kwa mtu yeyote, hata mwenye mashine. Hilo sina jibu lake na sitajifanya ninalo. Kwa upande wa pili, mjukuu wangu atajua kuogelea kabla ya kusoma, na atakula samaki aliyevuliwa asubuhi hiyo.

Sasa unataka niseme rudi au usirudi. Sisemi. Nikisema rudi, mtoto akiugua utanikumbuka kwa ubaya. Nikisema baki, miti itaokotewa na jamaa wa baba yako, na unajua ninavyowafikiria. Kama ni kurudi kuja kuokota kungumanga na kungoja mashua ya watu, hiyo umeshaiona ilivyomfanya baba yako. Zaidi ya hapo nimeuma ulimi.

Ila kabla hujamwambia kitu mwajiri wako, pita madukani hapo Ambon uulize bei ya mashine ya boti ya nguvu farasi 40, mpya na iliyotumika. Kwa iliyotumika nenda na fundi, usidanganywe na rangi. Niandikie bei zote mbili. Mjomba wako anasema mbao za kuundia mashua zinapatikana, na basibasi ya msimu huu bado ninayo ndani, sijaiuza.

Mama