Pano (paneli ya sola) ya wati 10 kwenye kinga (baiskeli): usichaji simu moja kwa moja

Unauliza kama pano ya wati 10 iliyofungwa kwenye kinga inaweza kuchaji simu njiani. Hapana ndugu, kwa safari ya Goma hadi Bukavu usichomeke simu kwenye pano ukiwa unaendesha. Mchana jaza pawabanki, usiku ndiyo ijaze simu. Natengeneza simu hapa Birere, wateja wanaochaji hivyo nawajua: wingu likipita au ukiingia chini ya miti, umeme unakatika, kioo kinawaka, kinazima, kinawaka tena. Jioni unakuta asilimia imeshuka badala ya kupanda. Pawabanki haina kioo cha kula umeme hivyo.

Na wati 10 ni kidogo. Simu ya mAh 5,000 inabeba karibu wati-saa 19. Pano iliyofungwa kwenye keria mara nyingi inatoa nusu ya ile iliyoandikwa. Masaa 5 ya jua zuri ni wati-saa 25, na karibu theluthi inapotea kwenye waya na kwenye pawabanki yenyewe. Simu moja, na haijai vizuri. Ukiwa na taa pia, tafuta ya wati 20. Kuilaza pano bapa kwenye keria si shida, huku kwetu karibu na ikweta saa sita jua liko utosini.

Angalia tu pawabanki isikae juani: iweke kwenye mfuko chini ya pano, maana lithiamu ikipita nyuzi 45 wakati wa kuchaji inaharibika haraka. Dinamo ya gurudumu? Wati 3 tu, na milima ya kati ya Minova na Kalehe utaipanda ukisukuma kinga kwa mguu, gurudumu likizunguka polepole mno.