Magemu ya majoka na mapanga: utamu uko kwenye hadithi au kwenye kucheza?

Maswali ya wiki hii karibu yote yanazunguka jambo moja. Nimechagua matano.

Hapa hosteli tumegawanyika. Wengine wanasema gemu la fantasia bila hadithi ni kelele tu. Wengine wanasema anayetaka hadithi akasome kitabu. Wewe uko upande gani? (Mwanafunzi, Mbale)

Nikibanwa, nachagua kucheza. Katika gemu refu maneno ni sehemu ndogo. Muda mwingine wote ni wewe kukata, kukwepa, kupanga mizigo na kufungua makabati ya watu. Kazi hiyo ikichosha, hadithi haitakuvusha. Diablo II la mwaka 2000 lina kisa kirefu cha malaika na mashetani, lakini mwombe aliyelicheza sana akusimulie. Atakusimulia shoka aliloliokota.

Ila walio upande wangu wasishangilie bado. Chukueni Final Fantasy VII la 1997. Aerith, mmoja wa wenzako wa safari, anauawa (miaka imepita, si siri tena) na watu wazima wakalia. Vifo vya namna hiyo tumeviona vingi kwenye filamu. Hiki kiliuma kwa sababu ulishampandisha levo mwenyewe, ukampa vifaa vyako vizuri, ukazoea kwamba wenzake wakiumia yupo wa kuwaponya. Unaingia vita inayofuata, nafasi yake tupu. Hadithi hapo imekupitia vidoleni, na hilo kitabu hakiliwezi. Wale wa "akasome kitabu" wajibu hapo.

Mwanangu wa miaka 13 anacheza gemu la wachawi. Wahusika wakianza tu kuongea, anabonyeza wanyamaze. Si anapoteza faida yote? (Mama, Jinja)

Mama, kwanza soma na wewe maneno anayoyaruka. Mara nyingi ni Kiingereza kizito cha kujifanya cha kale, kwa herufi ndogo, kuhusu wafalme sita ambao hakuna hata mmoja anayeonekana. Kwenye vibanda vyetu vya video dawa yake ilishapatikana zamani: VJ anashika maikrofoni, anatafsiri filamu kwa Kiluganda papo hapo, na mazungumzo yakizidi urefu anatia utani wake ili watu wasisinzie. Gemu halina VJ. Basi kaa naye jioni moja umwombe akueleze nani ni nani na wanagombania nini. Akieleza vizuri, ujue hadithi ameipata kwa kutazama na kutenda. Akishindwa, lawama wape waandishi wa gemu.

Leptopu yangu ina RAM ya GB 4 na MB ni ghali. Kuna gemu la hadithi nzito nitakaloliweza? (Msomaji, Kasese)

Baldur's Gate 3 la 2023 lisahau. Linataka nafasi ya GB 150, na kwa bei ya data yetu, yenye kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, utauza mbuzi. Lakini hadithi nzito haidai picha nzito. Tafuta Planescape: Torment la 1999. Mhusika wako anaamka chumba cha maiti, hajui jina lake, na hawezi kufa akafa moja kwa moja. Linakadiriwa kuwa na maneno laki nane. Mapigano yake, nikwambie ukweli, ni mabovu. Linapona kwa sababu mengi unayakwepa kwa kuongea, kwa hiyo kuongea ndiko kucheza kwenyewe.

Jingine ni Undertale la Toby Fox, 2015, jepesi kabisa. Kila jitu unalokutana nalo unaweza kulipiga au kulisamehe. Ukimuua Toriel, mama mpole wa mwanzoni, roho ikakusuta ukarudi pale uliposevu umwache hai, kuna kiua kimoja (ua dogo linaloongea) kinakungoja mbele na kinakwambia wazi kwamba kimeona ulichofanya. Nadhani hakuna mbinu ya hadithi iliyonishtua zaidi kwenye kompyuta, nayo imetengenezwa kwa kitufe cha kusevu tu.

Umeme ukikatika katikati ya mazungumzo marefu, napoteza yote. Nifanye nini? (Msomaji, Arua)

Sevu kabla hujaongea na mtu yeyote mwenye jina. Wasio na jina hawana mambo marefu.

Natengeneza gemu la Kintu na Nambi, mtu wa kwanza na mkewe katika masimulizi ya Waganda. Nimeshaandika kurasa 60 za mazungumzo. Niendelee, au nianze kutengeneza vita? (Mwanafunzi wa kompyuta, Wandegeya)

Weka kalamu chini, ndugu yangu, na vita pia iache kwanza. Kisa hicho kimekuja na mchezo ndani yake. Ggulu, baba yake Nambi huko mbinguni, hakukaa na Kintu kumhoji kabla ya kumwoza binti yake, alimpa majaribio: amalize chakula cha watu mia, apasue mwamba, ajaze mtungi umande, amtambue ng'ombe wake kati ya makundi. Kila moja ni fumbo lenye jibu lake. Chakula kinaishia shimoni, ng'ombe anaonyeshwa na nyuki. Mchezaji ahangaike mwenyewe, usimweleze.

Pagumu ni pale wanaposhuka duniani. Wameonywa wasigeuke nyuma, wanakumbuka kwamba wamesahau ulezi, nafaka ya kuku wao, mmoja anarudi kuuchukua (kama ni Kintu au Nambi, inategemea nani anasimulia) na Walumbe, kaka yake Nambi, yaani Kifo, anawafuata. Ukiweka hapo kipande cha filamu cha Kintu akirudi, mchezaji atasema, si mimi. Mfanye arudi kwa mikono yake. Mpe kuku mapema, kuku awe na kazi, mayai yake yawe ndiyo dawa. Halafu njiani azidi kudhoofika kwa njaa huku mchezaji anatazama. Wengi watarudi mbio. Yule mmoja mbishi asiyerudi, je? Kuku afe, safari iendelee bila Walumbe, na gemu liwe na la kumwambia. Hapo ndipo baadhi ya kurasa zako zitapata kazi.

Waafrika wenzetu wameshapita njia hii. Kiro'o Games wa Yaoundé walitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016. Kwangu linaongea mno, lakini nguvu za kupigania humo ni urithi wa mababu, na hilo unalielewa kwa kupigana. Tales of Kenzera: Zau la 2024 Abubakar Salim alilijenga juu ya msiba wa baba yake. Yacheze yote mawili kabla hujaandika ukurasa wa 61.

Kisha anza na Ttanda, pale Walumbe anapozama ardhini. Ndugu yake Kayikuuzi anamfukuza ili amrudishe mbinguni, watu wameambiwa wasitoe sauti, watoto wanapiga yowe na Walumbe anaponyoka. Mpe mchezaji kazi ya kuwanyamazisha hao watoto. Magemu ya kupiga tunayo tele, la namna hiyo sijaliona. Tengeneza hicho kipande peke yake, bila neno hata moja, umpe mtu asiyekijua kisa, ukae nyuma yake utazame anavyocheza.