Kusafisha gari la zamani bila kuidhuru rangi ya kiwandani

Maswali ya safari hii yote yanahusu magari ya zamani ambayo hayajawahi kukarabatiwa: rangi ni ileile ya kiwandani, na viti ni vilevile. Nawajibu mmoja mmoja.

Gari letu jekundu ni la mwaka 1964 na halijawahi kupigwa rangi upya. Nilipolisugua kwa polishi, kitambaa kiligeuka chekundu. Je, nimeliharibu?

Hujaliharibu, ila ishia hapo kwanza. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1980 hayana lile koti la juu linalong'aa lisilo na rangi. Jua na hewa huipiga rangi yenyewe, sehemu ya juu ikakauka na kuwa unga, na unga huo ndio uliouona. Ni dalili kwamba rangi yako ni ya aina ya zamani. Lakini ujue pia kwamba kila kitambaa kinachotoka chekundu kimeondoka na rangi ambayo hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa hiyo usianze kwa kusugua. Tafuta mafuta ya kulainishia rangi yasiyo na chembe za kukwangua. Yapake kwa wingi kwenye paneli moja, uyaache usiku kucha, kisha uyafute taratibu kwa kitambaa laini cha maikrofaiba. Rangi iliyokauka huyanywa, na mara nyingi wekundu uliodhani umepotea hurudi kabla hujagusa polishi. Bado imefifia? Chukua polishi laini kuliko zote, kwa mkono na si kwa mashine, na uijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kingo za boneti na mikunjo ya milango usiiguse kabisa, maana hapo rangi huwa nyembamba na ndipo chuma hutokeza kwanza. Ukiridhika, maliza kwa nta.

Ukiweza kuazima kipimo cha unene wa rangi, pima gari zima kabla ya yote. Mahali namba inaporuka ghafla, huenda chini kuna pati (udongo wa kuzibia mabonde) au rangi ya pili. Mahali iliposhuka sana, paka nta tu.

Na kama rangi ni metaliki ya zamani isiyo na koti la juu, hata polishi laini naiogopa. Chembe za alumini zilizomo humo zikishakwanguliwa, utabaki na mabaka yasiyofutika.

Gari limekaa ghalani miaka mingi na limejaa vumbi. Naweza kuanza na mashine ya presha?

Hapana, tafadhali. Raba za madirisha zimekauka na kupasuka, kwa hiyo maji ya presha yatapenya hadi ndani ya milango. Rangi iliyoanza kubanduka nayo itang'oka vipande vipande. Na usipitishe kitambaa kikavu hata mara moja, kwa sababu vumbi hilo lina mchanga.

Piga picha kwanza. Kisha vuta vumbi kwa mashine yenye brashi laini, bila kukandamiza. Angalia matundu ya kutolea maji chini ya milango. Yakiwa yameziba, yazibue kwa kijiti cha plastiki, la sivyo maji utakayomwaga yatabaki ndani na kuzaa kutu. Baada ya hapo mwagia maji ya mpira yasiyo na nguvu, uoshe kwa shampuu ya magari isiyo kali. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali mno kwa rangi hii. Kinyesi cha ndege usikikwangue: kifunike kwa kitambaa kilicholowa mpaka kilainike.

Ukikuta viota vya panya, vaa glavu na barakoa, vilowanishe kwa dawa ya kuua vijidudu, ndipo uvitoe. Usivifagie vikiwa vikavu.

Bampa zina vidoa vya kutu. Nitumie nyuzi za chuma za kusugulia sufuria?

Acha hizo. Tabaka la kromu kwa kawaida halifiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kunja karatasi ya alumini, ichovye majini, usugue vidoa polepole; alumini ni laini kuliko kromu. Lakini hakikisha kwanza kwamba ni kromu kweli. Baadhi ya mapambo yanayong'aa ni alumini yenye ngozi ya kinga, na dawa kali ya kung'arishia metali huila ngozi hiyo. Sumaku isiposhika, tumia maji na shampuu tu.

Injini imejaa grisi. Nataka ing'ae.

Iwe safi, si mpya. Chini ya grisi hiyo huenda kuna alama za chaki, madoa ya rangi ya wakaguzi wa kiwandani na lebo za karatasi, na hivyo ndivyo vinavyothibitisha kwamba gari halijachezewa. Chomoa betri, funika kabureta na distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), kisha fanya kazi kwa brashi ndogo na dawa ya kuyeyusha grisi, eneo dogo kwa wakati. Petroli usiitumie, ni hatari ya moto. Lebo zipanguse vumbi tu. Breki za zamani huwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lake usilipulize kwa hewa.

Viti vya ngozi vimekauka.

Sabuni ya viti vya ngozi kidogo, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, halafu krimu ya viti vya ngozi kwa uchache. Mshono uliooza usiusugue.

Paa limechakaa hadi chuma kinaonekana. Ndugu zangu wanasema nipige rangi gari zima.

Mimi nisingepiga. Kausha sehemu hiyo vizuri, toa kutu iliyolegea kwa mkono bila kugusa rangi ya pembeni, kisha paka nta nyembamba juu ya chuma na kingo zake. Kagua kila unapoliosha. Ukiona kutu mpya, rudia.