Waulize Wajenzi: Barabara ya TANZAM

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu barabara moja, inayotoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Tumechagua sita.

Ndugu wahandisi, hapa Kibaha tunaiita Morogoro Road, ndugu zangu wa Mafinga wanaiita barabara ya Zambia, na kwenye ramani imeandikwa T1. Ni barabara moja au tatu? – Msomaji, Kibaha

Ni moja. T1 ni namba yake kama barabara kuu, TANZAM (Tanzania na Zambia) ni jina la mradi ulioijenga kwa lami, na Morogoro Road ni jina la kipande cha kwanza kutokea katikati ya Dar. Ukifika Chalinze, yapata kilomita 110, T2 inachepuka kwenda Segera, Moshi na Arusha. Morogoro, pale Msamvu, unaiacha njia ya Dodoma. Kisha Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Kitonga, Ilula, halafu Iringa, ambako umeshatembea kama kilomita 500. Mafinga na Makambako zinafuata, na Makambako ndiyo njia panda ya Njombe na Songea. Uyole ndipo wa Tukuyu, Kyela na Malawi wanakata kushoto. Mbele ya Mbeya kuna Mbalizi, Mlowo, Vwawa na mpaka wenyewe, Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Bahari ya Hindi. Upande wa pili ni Nakonde, na lami inaendelea hadi Lusaka.

Mzee mmoja kijiweni anasisitiza kwamba Wachina ndio waliojenga barabara hii wakati wa Mwalimu. Mimi nimesoma kuwa ni Wamarekani. Nani mkweli? – Msomaji, Makambako

Mzee amechanganya reli na barabara, na si yeye peke yake. Wachina walijenga reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976. Barabara ilitangulia, na upande wa Tanzania fedha zake nyingi zilitoka Marekani, pamoja na Benki ya Dunia.

Chanzo ni kimoja kwa vyote viwili. Novemba 11, 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru. Zambia haina bahari. Shaba yake ilitoka na mafuta yake yaliingia kwa kupitia huko huko Rhodesia, na mwezi uliofuata mafuta yakakatwa. Ndege zikaanza kubeba mapipa ya mafuta kuyapeleka Zambia, na malori yakaingia kwenye njia ya udongo na changarawe kutoka Dar. Yalikwenda na mapipa, yakarudi na shaba. Masika lori lilizama hadi kwenye ekseli, vyuma vinavyoshika magurudumu. Kiangazi vumbi lilimfanya dereva asilione gari lililo mbele yake mpaka amelifikia. Njia hiyo ikabandikwa jina la Mbio za Jehanamu.

Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar hadi Ndola, lilikuwa tayari 1968 na likaupunguzia mzigo huo uzito. Lami ilimaliziwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hapo kwenu Makambako mna ushahidi wa ziada: reli na barabara zinaachana baada ya Dar, reli inapita Kidatu na Mlimba, barabara inapita Mikumi na Iringa, halafu zinakutana tena mlangoni kwenu. Kwa hiyo mwambie mzee kwamba amekosea mradi tu, enzi ameipata.

Kwa nini basi la Mbeya haliingii Iringa mjini? – Msomaji, Iringa

Kwa sababu mji uko juu na barabara iko chini. TANZAM inapita Ipogolo, karibu na Mto Ruaha Mdogo, na mji uko kwenye mwinuko juu yake. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya shaba haikuwa na la kufanya kule juu. Stendi ya Igumbilo imewekwa kandokando ya barabara kuu kwa hesabu hiyo hiyo.

Shikamooni. Lori letu la ekseli sita lilipimwa Vigwaza likapita. Tulipofika mizani ya Wenda tukaambiwa ekseli za nyuma zimezidi, na mzigo hatukuuongeza. Mizani ipi inadanganya? – Msomaji, Mlandizi

Marahaba. Huenda hakuna inayodanganya. Mizani inapima vitu viwili, uzito wa gari zima na uzito wa kila kundi la ekseli, na ukifaulu kimoja si lazima ufaulu cha pili. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, inayotumika nchini tangu Machi 2019, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ekseli mbili za nyuma ya kichwa (sehemu ya mbele yenye injini) zenye matairi pacha tani 18, na ekseli tatu za tela zenye matairi pacha tani 24. Jumla kwa lori lenu ni tani 50. Mkiwa na tani 49 mko salama kwa jumla, lakini tela likibeba 25 na nusu, mmezidi.

Kati ya Vigwaza na Wenda kuna mlima wa Kitonga. Magunia ambayo hayakukazwa vizuri yanasogea nyuma lori linapopanda. Mvua nayo ina uzito: mbao na magunia yasiyofunikwa turubai hunywa maji. Tangi la lita 400 likijazwa Morogoro linaongeza zaidi ya kilo 300, hizo zikikaa kwenye kichwa. Halafu kuna lile ambalo mwenye lori huwa haambiwi: vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula. Muulize utingo kwa upole.

Angalieni pia sprungi za tela. Zikichoka kwenye ekseli moja, ekseli ya jirani inabeba fungu la mwenzake. Na juu ya mizani dereva aachie breki kabisa, maana gari lililokamatwa na breki linahamishia uzito mahali ambapo sipo pake.

Marekebisho yake ni hesabu nyepesi. Pimeni umbali kutoka pini ya tela, ile inayoliunganisha na kichwa, hadi ekseli ya katikati ya tela. Tuseme ni mita 8. Tani 1 ikisogezwa mbele mita 1, tela linapungukiwa moja ya nane ya tani, yaani kilo 125. Mkitaka kupunguza kilo 500, sogezeni tani 2, ambazo ni mifuko 40 ya mbolea ya kilo 50, mbele kwa mita 2. Kilo hizo 500 hazipotei, zinahamia kwenye kichwa, kwa hiyo hakikisheni kwanza kwamba tani 18 za pale hazijajaa. Kazi hii ifanyieni kwenye yadi, si pembeni mwa barabara huku jua likiwaka.

Kwa nini kwenye miinuko lami inafanya mifereji miwili, na bondeni iko sawa? Si kandarasi ni yule yule? – Msomaji, Chimala

Lami ni kama nta, jua likiipiga inalainika. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linaigusa kwa kitambo kidogo sana. Linalopanda kwa kilomita 10 linaikandamiza kwa muda wa mara nane, tena mahali pale pale, kwa kuwa malori yote yanafuata mstari mmoja. Mzigo uliozidi unamalizia kazi. Uharibifu haukui sambamba na uzito, unakua takriban kwa kipeo cha nne: ekseli ya tani 12 inaumiza barabara kama mara mbili ya ile ya tani 10. Ndiyo maana mizani ni nyingi kwenye njia hii. Mkandarasi naye huwa na makosa yake, ila mfereji wa mlimani peke yake hautoshi kumfunga.

Nashuka Kitonga na shaba kwa mara ya kwanza wiki ijayo. Naogopa breki. – Dereva, Tunduma

Kuogopa ni vizuri. Chagua gia kabla mteremko haujaanza, ile ile ambayo ungeitumia kuupanda ukiwa na mzigo huo, au ya chini zaidi. Ukisubiri mpaka lori limekimbia, gia inaweza kukataa kuingia, na hapo unabaki huna gia kabisa. Washa breki ya injini, iache ifanye kazi kubwa. Breki za miguu kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo ukishuka achia zipoe. Usiweke mguu juu ya pedeli muda wote.

Sababu ni hii: ngoma ya breki, lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu, ikichemka inapanuka na kukimbia viatu vyake, vile vinavyoibana kwa ndani. Kifimbo kinachosukuma viatu kina urefu wa mwisho. Kikiufikia, upepo kwenye mitungi umejaa na bado gari halishiki. Kabla ya kushuka, simama Ilula, pima marekebisho ya breki ya kila gurudumu, tela pia. Ukisikia harufu ya kuungua katikati ya mteremko, tafuta pa kusimama pa salama, weka kabari kwenye magurudumu na usubiri. Usimwagie ngoma maji, inapasuka.