Maswali ya Wasomaji: Mgeni wa Klabu na Tiba ya Kunyoosha Uti wa Mgongo

SWALI: Mimi ni mwanachama wa klabu ya Rotary katika mji wetu. Kila wiki tunakutana kwa chakula cha mchana na kumsikiliza mgeni mmoja, na mwezi uliopita mgeni huyo alikuwa mtaalamu wa kiropraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Alikuja na mfano wa uti wa mgongo wa plastiki, akatuonyesha jinsi pingili zinavyobebana, akatufundisha vizuri namna ya kukaa na ya kunyanyua mzigo. Lakini kabla ya kengele ya kufunga kikao alisema kwamba pingili ikihama hubana mishipa ya fahamu, na kwamba kwa kuirudisha mahali pake ameponya presha, kisukari na pumu. Wenzangu wanataka aje kuwahudumia wananchi bure katika kambi yetu ya afya, nami nimepewa kazi ya kuratibu. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 71, anaumwa mgongo tangu alipoteleza bombani miezi mitatu iliyopita, naye anataka awe wa kwanza kwenye foleni. Nifanyeje? — Mratibu, Tanga

JIBU: Ndugu Mratibu, naomba nianze na mama, kwa kuwa habari ya kambi ina muda wa kujadiliwa.

Mwanamke wa umri wake aliyeanguka, na ambaye mgongo bado unamuuma baada ya miezi mitatu, anapaswa kupigwa picha ya eksirei kabla mtu yeyote hajamgusa mgongo kwa nguvu. Baada ya hedhi kukoma mifupa ya mwanamke hupungua uimara mwaka hadi mwaka, na pingili iliyodhoofika inaweza kubonyea kwa kuteleza tu, huku mwenyewe akidhani ni msuli uliovutika. Pingili ya namna hiyo ikisukumwa kwa ghafla inaweza kuvunjika zaidi. Mpeleke hospitali wiki hii. Ukimwona ana ganzi sehemu anayokalia, au mkojo unamtoka bila kujua, au miguu inalegea, mpeleke siku hiyohiyo. Muulize pia kuhusu homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kwa sababu kifua kikuu hushambulia hata pingili za mgongo. Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimepokea wagonjwa waliokandwa nyumbani kwa mafuta ya nazi kwa miezi, kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa huo.

Sasa tuje kwa mgeni wenu, ambaye sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilikuwa na manufaa. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini kwa watu wazima, na kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono kumo miongoni mwa tiba zinazokubaliwa humo, pamoja na mazoezi, kukandwa na elimu ya kujitunza. Mikanda ya kiuno, ambayo wagonjwa wangu wengi hufika wakiwa wameivaa, haikukubaliwa. Kwa hiyo mtu mzima anayeumwa kiuno, ambaye amepimwa na hana ugonjwa uliojificha, anaweza kupata nafuu ya kiasi kwenye mikono ya mtaalamu huyo, hasa akifuata na mazoezi aliyofundishwa.

Tatizo ni yale aliyoyasema dakika za mwisho, nayo yana historia. Tiba hii ilianzia Davenport, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, mwaka 1895, pale D.D. Palmer alipobonyeza pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo alimokuwa na ofisi, mtu aliyekuwa hasikii vizuri, kisha akatangaza kwamba amemrudishia usikivu. Kutoka hapo Palmer alifika hadi kuandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama. Mshipa wa fahamu wa kusikia hautoki kwenye uti wa mgongo: huanzia sikio la ndani ukaingia ubongoni, wote ukiwa ndani ya fuvu. Wapo wengi katika fani hiyo leo ambao wameachana na dai hilo na wanashughulika na mgongo, shingo na viungo peke yake, na hao ningewapelekea mgonjwa wangu bila wasiwasi. Ila kisukari hutokana na kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha au mwili kushindwa kuitumia, na hakuna pingili inayoweza kunyooshwa ikalitengeneza hilo. Ninachokihofia ni yule mzee atakayerudi nyumbani kutoka kambini kwenu, akavifungia kabatini vidonge vyake vya presha, kwa kuwa mtu aliyeletwa na klabu inayoheshimika amemwambia kwamba ameshanyooshwa.

Klabu yenu ina Jaribio la Njia Nne (maswali manne ya kupimia mnayosema na kutenda), lililotungwa na mwana-Rotary Herbert J. Taylor mwaka 1932, na swali lake la kwanza linauliza kama jambo ni la kweli. Lirudishe swali hilo kikaoni kwa adabu, mgeni akiwepo. Mwombe cheti chake: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka mafunzo yasiyopungua saa 4,200 kwa anayeanza fani hii bila elimu ya tiba. Mwulize pia amesajiliwa na baraza gani hapa nchini. Akikubali, mpeni kambini kazi ile aliyoifanya vizuri, ya kuwaonyesha akina mama jinsi ya kuinua ndoo kwa kukunja magoti, na wazazi jinsi mtoto anavyopaswa kubeba mkoba wa shule kwenye mabega yote mawili. Kunyoosha migongo ya watu wasiopimwa, foleni ikiwa imefika getini, kusifanyike kabisa.

SWALI: Kinyozi wangu akimaliza kunyoa hunikanda mabega, kisha hushika kidevu na kisogo, akaizungusha shingo mpaka ilie “ko!” kila upande. Ninasikia raha sana. Je, hiyo nayo ni kiropraktiki? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana, ingawa mlio ni uleule. Ndani ya kiungo mna ute, na nyuso za mifupa zikiachanishwa kwa ghafla shinikizo hushuka, uwazi wa gesi ukajitokeza. Mwaka 2015 watafiti waliuona uwazi huo kwa kipimo cha MRI wakivuta vidole mpaka vilie. Mlio huo, basi, si ushahidi kwamba kuna kitu kilichorudi mahali pake.

Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu inayopanda ubongoni, na shingo ikizungushwa kwa nguvu ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda na kusababisha kiharusi. Hutokea kwa nadra, lakini huwapata hata vijana. Ukipata maumivu makali mapya ya shingo au kisogo, kizunguzungu, kuona viwili au mdomo kwenda upande, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kuhusu kinyozi, mwambie kabla hajakufunga kitambaa kwamba mabega ayakande anavyotaka, shingo aiache.