Swali la lugha: plastiki "ngumu" ni ngumu kivipi?

Mwalimu wa kemia wa huku Uyole, Mbeya, kaniuliza hivi: nikifundisha polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo zinazounda plastiki, nawaambia watoto uzito wa molekuli ukiongezeka plastiki inakuwa ngumu, sasa wao wanaelewa ndoo nzito ndo ina molekuli nzito, nitumie maneno gani?

Mwalimu wangu, pole na baridi ya Uyole. Watoto hawana kosa, wanaotuponza ni hayo maneno mawili, uzito na ngumu.

Mtoto akisikia uzito anawaza mzani na gunia la viazi. Ila uzito wa molekuli hauipimi ndoo, unapima mnyororo mmoja tu kati ya mabilioni yaliyomo humo, na kwenye polima ya aina moja uzito mkubwa maana yake mnyororo mrefu, basi. Kwa hiyo mi ningeanza na urefu wa mnyororo, uzito wa molekuli uje baadaye kama kipimo chake. Na kile kipande kinachojirudia rudia kiite pingili, kama ya muwa au ya mwanzi, hilo neno watoto wa huku wanalijua toka nyumbani. Pingili moja ya poliethilini, plastiki ya ndoo na mifuko mingi, ina uzito wa 28 (atomi ya haidrojeni ikihesabiwa 1), zikiungana 10,000 unapata 280,000. Halafu chukua mshumaa, maana nta yake ni kaboni na haidrojeni zilizoungana vilevile kama za ndoo ya poliethilini, ila mnyororo una kaboni kama 20 mpaka 40 tu. Upinde asubuhi ya baridi, unakatika. Pinda kipande cha ndoo, kinanyumbuka, kwa sababu minyororo mirefu imesokotana kama kamba ya mgomba: nyuzi fupi ukivuta zinachomoka, ndefu zinashikana.

Sasa "ngumu". Tunalo kwenye mtihani mgumu, nyama ngumu, jiwe gumu, na kwenye plastiki linaficha vitu viwili. Kuna kukakamaa, yaani ukibonyeza haibonyei, na kuna uimara, yaani ikidondoka haipasuki. Kioo kimekakamaa kweli lakini kidondoshe uone. Mnyororo ukirefuka kinachoongezeka hasa ni uimara, wakati kukakamaa kunategemea sana umbo la mnyororo. Poliethilini yenye matawi mengi, iliyopatikana Uingereza mwaka 1933, minyororo yake haijipangi ikabanana, ndo maana inatoa ule mfuko laini. Iliyonyooka, aliyoipata Karl Ziegler wa Ujerumani mwaka 1953, inajipanga kama mianzi ya Iringa iliyopogolewa vizuri, inabanana, inatoa ndoo na mabomba ya maji. Pingili ni zilezile! Kwa hiyo darasani acha "ngumu" peke yake, sema imekakamaa au ni imara, na watoto wapewe vitenzi vyetu maana tunavyo vya kutosha: kubonyea, kunyumbuka, kuvutika, kuchanika, kupasuka, kila kimoja kinataja jambo tofauti.

Halafu kuna "mfuko wa nailoni". Mtaani sawa, sina ugomvi, ila darasani sahihisha, kwa sababu nailoni ni polima nyingine kabisa, iliyotengenezwa na Wallace Carothers na wenzake Marekani mwaka 1935, na mifuko tuliyoizoea kuiita hivyo kabla haijapigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019 kwa kawaida ilikuwa poliethilini.

Ila mtoto akikwambia ndoo ya nyumbani "imeliwa na jua", tafadhali usimkate, huyo kasema kemia safi. Ndoo ikikaa juani miaka, miale inakatakata minyororo yake, uzito wa molekuli unashuka hata kama kwenye mzani ndoo ni ileile, na siku moja unaibeba tu mpini unabaki mkononi.