Tairi pana nyuma kwa Mustang ya 1967

Umeuliza kama tairi pana linaingia nyuma ya Mustang ya 1967, inaingia mkuu, 235/60R15 (tairi la upana wa milimita 235, la rimu ya inchi 15) kwenye rimu yenye upana wa inchi 7 inakaa vizuri nyuma, ila kinachoamua siyo upana wa tairi peke yake, ni rimu inaingia ndani kiasi gani kutoka pale inapofungwa nati, ikizidi tairi linasugua springi, ikipungua linagonga madigadi. Nafunga tairi hapa Majengo Dodoma na wengi wanapima gari ikiwa tupu, we pakia watu nyuma kwanza maana springi za zamani zimelala na kwa matuta ya barabara ya Morogoro lazima tairi lisugue. Halafu ukitoka 215/60 kwenda hiyo 235/60, spidomita itasoma chini ya mwendo halisi kama asilimia 4, so kuwa makini na tochi za trafiki za kupima spidi.